Marafiki wa Chumba cha Kadutu

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa nachuja chai. Mwanamume nisiyemjua aliandika kwa Kifaransa kwamba mama yake, Mireille, amefariki huko Liège, kwamba mazishi yameshafanyika, na kwamba anawaarifu wote ambao majina yao ameyakuta katika simu ya marehemu. Aliomba radhi kama amemsumbua mtu asiyehusika. Nikaweka birika chini, nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikajikuta sijui namna ya kulia. Kwetu Bukavu mtu akifa unajua pa kwenda: unavaa kitenge, unapanda taksi, unakaa na wanawake wengine hadi machozi yaje yenyewe. Mimi sikuwa na nyumba ya kwenda. Mireille sikuwahi kumwona uso kwa uso wala kuisikia sauti yake. Hata picha yake niliiona moja tu, ndogo, amesimama kando ya baiskeli, kofia imemfunika macho. Neema, msichana anayechora pamoja nami siku hizi, aliingia akanikuta nimekaa hivyo. "Maman, njo nani amekufa?" akauliza. Nikamwambia ni mtu aliyetulisha wakati wa vita. "Wa famille?" Nikasema hapana, ni mtu wa kwenye mtandao.

Neema hakushangaa, kwa sababu naye anaishi kwa njia hiyo. Kila mwezi watu wa Montréal, wa Nairobi, wa Bruxelles humtumia kitu kidogo kwa simu, naye huwaonyesha mikono yake ikichora, huwasalimia kwa majina, huwauliza habari za watoto wao. Wengine hawajanunua hata picha moja. Wanalipa ili achore tu, na ili wawe miongoni mwa wanaojua anachora nini. Nikimsikia akiongea nao kwenye varanda namwonea fahari na hofu pamoja. Yeye anadhani jambo hili limeanza na kizazi chake. Asubuhi ile nilianza kumsimulia mwaka wetu, nikafika mahali nikashindwa, nikamtuma sokoni ili aondoke. Ndiyo maana naandika.

Ulikuwa mwaka wa tatu tangu waasi washike mji. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na ofisi ya parokia nilikokuwa napiga chapa ilikuwa imefungwa. Nilichokuwa nacho ni chumba, na hata hicho hakikuwa changu. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya Maman Vumilia, juu kule Kadutu, mahali nyumba zinapopandana kama vitabu vilivyoangushwa. Zamani kiliwekwa sabuni za duka, na harufu yake ilikuwa bado imeshika kuta, ikichanganyika na harufu ya petroli tuliyotumia kulainisha rangi na ya mawese yaliyokaangiwa samaki upande wa pili wa ukuta. Dirisha lilikuwa moja, bila kioo, linatazama ngazi za udongo ambako wanawake walipanda na mizigo tangu alfajiri, migongo imeinama, kamba imekaza kwenye paji la uso. Maman Vumilia alikuwa akiuza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Mwanawe, Bisimwa, ndiye aliyenikaribisha chumbani, kwa kuwa tulifundishwa kuchora pamoja, na kwa kuwa, kama alivyosema, peke yake alikuwa anaongea na ukuta. Alikuwa mwembamba, mwenye kucheka kwa pua, na alipochora alivua viatu.

Hatukuwa na mnunuzi. Kabla ya vita wazungu wa misaada walinunua picha kwenye mlango wa hoteli, na wenye mishahara walipenda kutundika ziwa lao sebuleni. Sasa wazungu wamekwenda, mishahara imekwenda, na aliyebaki na pesa alinunua unga. Bisimwa aliandika majina kwenye milango ya saluni na kwenye misalaba ya makaburi. Misalaba ilimpa kazi kuliko saluni. Jioni alichora vitu vyake kwenye mifuko ya unga iliyopasuliwa na kupakwa chokaa, akamaliza, akageuza picha ikatazama ukuta. "Inangoja," alisema. Mimi nilichora vyungu, vikapu, mikono. Tulikula kile Maman Vumilia alichoshindwa kuuza, sambaza waliovunjika vichwa, kwa bugali ya muhogo, tukiwa tumekaa juu ya madebe ya rangi. Mara nyingi nawaza juu ya vyakula vile. Sijui kwa nini nakumbuka ladha ya sambaza wale wenye mchanga kidogo kuliko ninavyokumbuka sura ya Bisimwa.

Kule Nyawera palikuwa na cyber, ya kwanza niliyoijua, yenye sahani kubwa ya setilaiti juu ya bati na jenereta iliyolia uani kama ng'ombe mgonjwa. Mwenyewe tulimwita Tonton Justin, mtu mnene aliyevaa koti hata kwenye joto. Alinipa kiti pembeni niwe nawapigia chapa wasiojua, kwani watu walikuja na karatasi mkononi kuwatafuta ndugu zao. Palikuwa na ukurasa mmoja wa watu wa Bukavu walioko nje, wote wanauliza: nani amesikia habari za familia fulani ya Panzi, nani amemwona mwalimu fulani, je, barabara ya Kamanyola inapitika? Niliandika majibu hayo siku nzima, mengi yakiwa ya vifo. Siku moja Tonton Justin alileta mashine ya kunakili picha, akataka kuijaribu. Nikamletea mfuko mmoja wa Bisimwa, mdogo, wa wanawake wa ngazi. Picha ikapanda kwenye kioo mstari kwa mstari, taratibu, tukiingoja kama watu wanaongoja mgonjwa azinduke. Nikaiweka kwenye ukurasa ule, chini ya maneno ya mtu aliyekuwa anamtafuta dada yake.

Kesho yake majibu yalikuwa mengi hata Tonton Justin akavuta kiti. Mtu wa Toronto aliandika kwamba kikapu cha yule mwanamke wa tatu ni cha shangazi yake, anakijua kwa kiraka. Mwingine aliandika neno moja tu, Kadutu, akaliandika mara nyingi. Na Mireille wa Liège, mwalimu mstaafu aliyezaliwa Bukavu zamani za Wabelgiji na kuondoka akiwa mtoto, aliniandikia barua ndefu. Alisema anakijua Kiswahili kidogo, akaniandikia maneno anayoyakumbuka: lete, ngoja, funga mlango, maji moto. Ilichukua muda kabla sijatambua kwamba alikuwa na amri tupu, zile alizowasikia wakubwa wakimpa mpishi. Mwenyewe hakujua. Nilimpenda kuanzia hapo, nikamwonea na huruma.

Wazo lilikuwa lake. Aliandika kwamba kununua picha moja si kuwasaidia wachoraji, ni kununua picha. Alipendekeza wale wanaopenda kazi yetu watoe kitu kidogo kila mwezi, kila mtu kwa uwezo wake, nasi tuwatumie picha zilizonakiliwa pamoja na barua ya kueleza tunavyochora, tunavyokula, mvua imenyeshaje. Picha zenyewe zingengoja chumbani mpaka uwanja wa ndege wa Kavumu ufunguke kwa watu wa kawaida. Akawaita Marafiki wa Chumba. Pesa zilikusanyika kwake, akampa mfanyabiashara mmoja kule, na ndugu wa mfanyabiashara yule akatutolea sokoni Kadutu kutoka nyuma ya magunia ya chumvi. Siku ya kwanza Bisimwa alizishika, akazinusa, akamkabidhi mama yake zote. Maman Vumilia akauliza, "Umeuza gani?" Bisimwa akajibu, "Sikuuza. Banasema nichore tu." Mama yake akazihesabu tena. "Batu wenye hawakujue?" "Bananijua. Nabintu anabaandikiaka," akasema, akinionyesha mimi. Jumapili ile tulikula nyama ya mbuzi na ndizi, na jirani mmoja akaja kuuliza kama kuna harusi.

Furaha ya miezi iliyofuata sijaipata tena, nami nasema hivyo nikijua ilikuwa miezi gani. Watu waliuawa Mwenga, waliuawa Walungu, na kila asubuhi palikuwa na akina mama waliofika kutoka vijijini wamekaa mbele ya makanisa na sufuria zao. Sisi tulikuwa na rangi. Rangi za kweli, katika mirija, zilizovushwa mpakani Rusizi ndani ya kikapu cha nyanya. Nilikuwa nashuka Nyawera, nanakili picha, nasoma majibu, napanda tena na kumsomea Bisimwa naye anachora, miguu mitupu. "Rudilia pale kwa yule wa Toronto," aliniambia. Nikarudia. Akacheka kwa pua. Wengine walianza kumwomba vitu: nyumba ya bibi kule Labotte, yenye maua, barabara ya Nyawera ilivyokuwa kabla haijatoboka. Alichora, lakini uso ulibadilika. "Hii si Bukavu," alisema mara moja. "Hii ni ndoto yabo. Haina mubaya. Lakini mutu hawezi kuotea mwenziwe kila siku."

Kisha alikwenda Bunyakiri kwa mazishi ya mjomba wake. Tulimkataza, barabara ilikuwa ya wenye silaha, akaenda kwa sababu maiti haingoji. Alirudi baadaye kuliko alivyoahidi, akaingia moja kwa moja chumbani. Maman Vumilia alimwekea chakula mlangoni, kikapoa. Nilipoingia nilikuta anachora soko. Meza za miti zimepangwa, na juu yake vitu vyote viko mahali pake: nyanya zimerundikwa vizuri kwa mafungu, mafuta ya mawese kwenye chupa, sabuni, chumvi ndani ya kopo la kupimia, viazi. Na hapakuwa na mtu. Hapakuwa na damu, hapakuwa na moshi, mvua tu ilikuwa inaanza. Nilisimama mbele ya picha ile nikahisi nimefika mahali nikachelewa. Nikamuuliza aliona nini. Akasema, "Niliona tu vile nimechora." Nikamuuliza kama niitume. Akafikiri, akaosha brashi, akasema nitume, kwa kuwa ni kazi kama nyingine.

Ilipowafikia Marafiki wakaanza kuandika, na watu wapya wakaingia, wengi kuliko wale wa mwanzo, Wafaransa, Wakanada, watu wasiowahi kusikia jina la Bukavu. Kila mmoja alitaka kutoa kitu cha mwezi. Kila mmoja aliuliza kama kuna nyingine kama ile. Nilisoma kwa sauti chumbani na nikaona kwamba Bisimwa hacheki. "Banapenda tulie," alisema. Nikamwambia wanapenda kujua. "Na wakishajua, batafanya je?" Maman Vumilia, aliyekuwa mlangoni akichagua maharagi, alisema tu kwamba kwa pesa ya mwezi huu tutatengeneza bati, linavuja upande wa kitanda. Tukalitengeneza. Mpaka leo lile bati ndilo kitu pekee cha mwaka ule ninachoweza kukionyesha kwa kidole.

Mmoja wa Marafiki wapya, kijana wa Paris aliyetoroka nchi kwa ajili ya siasa, aliichukua picha ya soko akaiweka kwenye ukurasa wa watu waliopingana na waasi. Alifanya hivyo kwa upendo, naamini hivyo. Aliandika jina kamili la Bisimwa, akataja mji, na chini ya picha akaweka maneno ya kuwashtaki wakubwa wa waasi kwa majina, kana kwamba ni mchoraji aliyeyasema. Hatukujua. Sisi tulikuwa tunalipia mtandao kwa saa, hatukuwa watu wa kutembea humo na kuona nini kinasemwa wapi.

Walikuja mchana, watu watatu, wamevaa mashati safi. Nilikuwa nimekaa kwenye dirisha nikichora kikapu. Maman Vumilia alikuwa ametoka kuepua maharagi, na kwa vile walisalimu vizuri aliwakaribisha, mmoja akaketi akala sahani nzima kwa utulivu, akamshukuru. Mwingine alitoa karatasi iliyokunjwa, picha ya soko iliyochapwa kwa wino mweusi, nyanya zote kijivu. "Ni weye ulichora hii?" akamuuliza Bisimwa. Bisimwa akaitazama, nikaona anashangaa jinsi ilivyoharibika. "Ni miye." "Na haya maneno?" "Haya siyajue." Yule mtu akaigeuza karatasi upande wa mwanga. "Iko nzuri," akasema, na nadhani alimaanisha. "Vaa viatu. Tunaenda kuongea kidogo." Bisimwa akatafuta viatu chini ya mifuko, akapata kimoja, cha pili hakikuonekana, nasi sote tukainama kukitafuta, mimi, mama yake na yule aliyekula maharagi. Tulikipata nyuma ya mlango. Akavaa, akaondoka nao, akishuka ngazi katikati ya wanawake wanaopanda. Ilikuwa kama mtu anayeitwa na jirani.

Walimweka Muhumba, katika nyumba nzuri ya mfanyabiashara wa kahawa aliyekimbia, yenye ua wa miti na mtazamo wa ziwa. Tulijua kwa sababu mke wa mlinzi alinunua samaki kwa Maman Vumilia. Kila siku mama alipika, nasi tukateremka na kikapu. Mlinzi alipokea langoni, akafunua, akaonja, akaingia nacho. Kikapu kilirudi kitupu na hatukujua nani amekula. Siku nyingine kilirudi kimejaa, na hilo lilitutisha zaidi. Tulikaa upande wa pili wa barabara, chini ya ukuta, tukasikiliza. Humo ndani mtu alikohoa. "Ni yeye," Maman Vumilia alisema. Siku iliyofuata kikohozi kingine, kizito, cha mtu mzee. "Ni yeye," akasema tena. Nilipomuuliza mlinzi kama Bisimwa yuko mzima, alijibu kwa Kilingala, kisha akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Maman, hapa hakuna majina."

Kutoka pale nilipanda moja kwa moja Nyawera, na hapo, kwenye kioo cha mashine, palikuwa na umati. Sijui nieleze vipi. Marafiki waliandika usiku na mchana, ukurasa haukuisha kufunguka. Walikusanya saini za watu. Waliweka picha za mishumaa. Waliombea. Wakili mmoja Mkongomani wa Kanada aliwasihi wanyamaze kabisa, kelele zitamuua. Mwingine akamwita mwoga. Wakagombana kurasa kwa kurasa kuhusu mtu ambaye mimi nilikuwa nimetoka kusikiliza kikohozi chake ukutani. Kijana wa Paris aliandika kwamba hali, halali, anataka kufa. Mireille alisema kila asubuhi anapiga simu wizara ya mambo ya nje ya nchi yake, na kila asubuhi mtu mwingine anapokea na kumwomba aanze hadithi upya. Walituma pesa, nyingi kuliko zote walizowahi kutuma, za kumpa mtu aliyesema anamjua mkubwa. Tulimpa. Akasema kesho. Akataka nyingine, wakatuma nyingine, akasema kesho, kisha akahamia Goma na simu yake haikuita tena. Tonton Justin aliacha kunidai saa za mtandao. Alinisogezea chai na mandazi, akageuza kiti chake asisome.

Siku moja niliporudi nilimkuta Maman Vumilia chumbani, amekaa juu ya debe la Bisimwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Picha zote alikuwa amezigeuza zikatazama ndani. Tulizungukwa na wanawake wa ngazi, nyumba za Labotte zenye maua, na lile soko. "Leo banasema nini ku mashine?" akauliza. Nikamwambia wanatuombea, ni wengi sana sasa, wako nchi nyingi. Akaitikia kwa kichwa. "Ni bengi kuliko batu ya Kadutu?" Nikasema labda si kuliko Kadutu, lakini ni wengi. Mvua ilikuwa inapiga bati jipya, na ndani hapakuvuja hata tone. "Na kati yabo," akasema polepole, "hata mumoja hawezi kuya asimame na siye pale ku mulango?" Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu. Nikamwambia hawawezi, Maman, mipaka, vita, visa. Akasema, "Njo vile," akasimama, akaenda kuwasha moto wa chakula cha kesho.

Nimeulizwa na wengi alitokaje, na wote wanataka jibu fulani. Mkubwa wa nyumba ile alihamishwa. Mkubwa mpya alikuja na mke na watoto, akataka kukaa. Ndivyo alivyotoka. Bisimwa mwenyewe alituhadithia siku ya pili, anakula polepole kwa mkono wa kushoto, macho kwenye sahani. "Balitupatia mifagio. Tukafagia, tukaosha sakafu, tukatoa matandiko yetu inje tukachoma. Kisha muke wa mukubwa akapita, akaangalia, akasema chumba kiko safi. Bakatuambia muende." Basi. Hakuna aliyemtaja kwa jina, hakuna aliyesoma saini za mtu. Alitembea toka Muhumba mpaka Kadutu bila viatu, mchana, na watu walimpita wakidhani ni kichaa. Maman Vumilia alikuwa sokoni. Walipomwambia aliacha samaki wake wote mezani, akapanda ngazi mbio na umri wake ule, na alipofika alimkuta amelala chumbani katikati ya picha, akakaa sakafuni akamshika kisigino. Hakumwamsha.

Niliandika neno moja kwenye ukurasa: Ametoka. Nikaona furaha ikilipuka mbele yangu. Tumeweza! Tumeshinda! Mtu wa Toronto aliandika kwamba analia ofisini. Walipongezana kwa majina, kila mmoja alimshukuru mwenzake kwa saini, kwa mishumaa, kwa simu. Nilikuwa na mifagio kwenye vidole na sikuweza kuiandika. Ningewaambia nini? Niliandika asante, kwa niaba ya mama yake, na ilikuwa asante ya kweli. Kisha mmoja akauliza, kwa upole, kama Bisimwa atachora aliyoyaona ndani.

Hakuchora aliyoyaona ndani wala kitu kingine. Nilidhani ni mikono, nikamtazama mikono, hata wa kulia ulikuwa umepona. Alikaa dirishani akiangalia ngazi, nikimwekea rangi karibu, naye akazifunga vifuniko moja moja ili zisikauke. Mwisho wa mvua alisema anakwenda Kavumu, rafiki yake ana shamba la maharagi kando ya barabara ya Goma. Nikamuuliza, na watu? Akajua nasema watu gani. "Ni bantu bazuri," akasema. "Ubaambie niko muzima. Basiningojee." Yuko Kavumu mpaka leo, ana mke, anauza mboga na nyanya kwa wasafiri. Nikienda huko tunaongea bei ya mbolea na tunacheka sana, na sijawahi kumuuliza kwa nini aliacha kuchora.

Sikuwaambia basi wasimngojee. Niliwaambia anapumzika. Pesa za kila mwezi ziliendelea kuja, sehemu yangu na sehemu yake, na sehemu yake nilimpelekea mama yake. Waliacha mmoja mmoja, bila kuaga, jinsi watu wanavyotoka kanisani ibada ikirefuka. Wa Paris alikuwa wa kwanza. Wa Toronto alipata mtoto. Baada ya muda ukurasa ule ulikuwa na mimi, vikapu vyangu, wachache wa zamani, na Mireille, aliyeendelea kutuma kwa ajili ya Bisimwa kila mwezi bila kukosa. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwandikia yeye peke yake ukweli wote: mifagio, Kavumu, maharagi, kwamba hachori na sidhani kama atachora, kwamba hana sababu ya kuendelea. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, fupi, kwa Kifaransa. Aliandika kwamba alikwisha kufahamu. Aliandika: nitaendelea kutuma, kwa sababu sijui nifanye kitu gani kingine.

Tonton Justin alinichapia karatasi ile bila malipo. Nikapanda nayo Kadutu. Maman Vumilia alikuwa amekaa mlangoni anatwanga sombe, majani ya muhogo, miguu imenyooshwa, jasho linamtiririka shingoni. Hakusimamisha mchi. Nikamsomea, nikamtafsiria neno kwa neno, na nilipofika mwisho alitwanga bado kidogo, akapangusa uso kwa kitenge, akatazama upande wa ngazi ambako wanawake walikuwa wanapanda.

"Na siye vilevile," akasema.